Karatasi Iliyokataa Kuviringwa

Msokoto wa kwanza ulipopasuka, mfamasia alijilaumu mwenyewe. Wa pili ulipopasuka, alivilaumu vidole vyake, vilivyoshinda wiki nzima vikihesabu vidonge dukani. Wa tatu ulipofyatuka kwenye sindano ukaangukia chini ya kiti, alivua miwani, akaitazama karatasi na kuiambia, "Wewe leo una lako jambo."

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, na mbele yake mezani ilikuwapo kazi aliyoihangaikia tangu mwaka ulipoanza. Ukiitazama kwa mbali ungesema ni kapu la maua lililochorwa kwenye ubao mweusi. Ukisogea ndipo unaona kwamba hakuna rangi wala brashi iliyogusa pale. Ni tepe za karatasi, nyembamba kama tambi, kila moja imezungushwa kwenye sindano, ikaachiwa ijinyooshe kidogo, ikabanwa ncha kwa vidole mpaka ikawa jani au petali, kisha ikabandikwa ikiwa imesimama kwa ukingo wake.

Si yeye aliyeibuni kazi hiyo. Karne nyingi zilizopita, katika nchi za mbali, watawa walikuwa wakikusanya mabaki ya kingo za vitabu, zile zilizopakwa dhahabu, wakazizungusha kwenye unyoya wa ndege na kupambia fremu za picha takatifu. Baadaye mabibi wa majumba makubwa wakapambia masanduku ya majani ya chai. Mfamasia aliona picha ya kifuniko cha sanduku mojawapo katika kitabu cha maktaba. Wengine wangefungua ukurasa unaofuata. Yeye alikata shauri akitengeneze upya, petali kwa petali, bila mwalimu, kwa kubahatisha na kukosea.

Nyumbani walimcheka wakachoka. Dada yake mkubwa alimsihi asiwaambie watu kwamba kila Jumamosi anajifungia ndani akitengeneza misokoto, asije akawaletea polisi. Ni mama yake peke yake ambaye hakucheka, kwa sababu mama alikuwa anajua ilikoanzia. Mchumba wa kwanza wa binti yake alisafiri kikazi, akaaga kwamba ni mwezi mmoja tu, na mpaka leo mwezi huo haujaisha. Wengine wakiachwa hulia, wengine hukonda. Huyu alinunua gundi, akaanza kuviringa.

Sasa aliinua kipande cha karatasi iliyobaki, akakikunja taratibu upande mmoja, kisha upande wa pili. Karatasi ina upande inaokunjika kwa hiari na upande inaogoma, kwa kuwa nyuzi zake zimelala kuelekea njia moja. Mtu wa kukata tepe za kuviringa lazima azikate ili nyuzi zikatize utepe. Akizikata zikafuata urefu wake, utepe unakuwa mgumu, unapasuka, unafyatuka. Na tepe hizi zote, tangu ya kwanza mpaka ya mwisho, zilikatwa kinyume.

"Amekosea," alisema kwa sauti. "Fundi amekosea."

"Nani amekosea?" Mama alikuwa mlangoni na kapu la nguo zilizokauka.

"Fundi wa vitabu. Amekata karatasi kinyume."

"Karatasi ni karatasi, mwanangu."

"Mama, yule ndiye aliyenifundisha hayo mambo ya nyuzi. Anaijua karatasi hata akiwa amefumba macho. Hawezi kukosea bure. Anaumwa, au amefiwa."

Mama alitoa shuka kwenye kapu, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. "Labda amechoka. Watu huchoka."

"Alhamisi nilipokwenda kuzichukua hakunitazama hata usoni. Alinipa tu mkononi, akasema, 'Haya, dada.' Hajawahi kuniita dada. Siku zote ananiita Daktari, hata nimkataze vipi."

"Sasa ulitaka akuite nani?" Mama aliuliza, na sauti yake ilikuwa juu kuliko swali lenyewe. "Na usiende huko leo. Jumatatu si mbali."

Msomaji, wewe umeshahisi kwamba mama huyu ana kitu moyoni. Binti yake hakuhisi, maana akili yake yote ilikuwa imeshafika kwenye duka la uchapaji. Alizitia tepe kwenye bahasha, akabadilisha blauzi, akarudi kubadilisha tena, akatoka.

*

Jumamosi duka la uchapaji lilikuwa likifanya kazi nusu siku. Mashine zilikuwa zimezimwa, na mle ndani mlibaki harufu ya wino na gundi ambayo mfamasia alikuwa ameipenda kwa sababu zisizohusiana na wino wala gundi. Mbele alikuwapo mpiga chapa mmoja aliyeitwa Redio, kwa kuwa akishawashwa hazimiki.

"Ee, dada yetu," Redio alisema huku akifuta mikono. "Umefanya la maana kuja kumuaga. Uungwana huo."

"Kumuaga nani?"

Kwa mara ya kwanza tangu amjue, Redio alinyamaza. Halafu akashindwa. "Mimi sijasema kitu, sawa? Lakini Fundi anaondoka kesho. Kile kiwanda kikubwa cha vitabu cha mji mwingine kimemchukua. Walimwita tangu mwaka jana akakataa, wakamwita tena akakataa, sisi tunajiuliza, huyu ana nini hapa cha kumng'ang'aniza? Wiki hii ghafla kasema ndiyo. Nafasi yake imeshapata mtu. Lakini usiseme mimi ndiye niliyekuambia."

Mfamasia alipita bila kumjibu. Miguu ilimpeleka chumba cha nyuma, kwenye ile mashine kubwa ya kukatia karatasi. Fundi alikuwa amesimama kando yake akizifunga zana zake katika kitambaa: sindano nene, kisu kifupi, mfupa wa kulainishia mikunjo. Mikono ya shati aliikunja mpaka kwenye viwiko, na gundi kidogo ilikuwa imemkaukia kwenye kifundo cha mkono. Alipoinua macho akamwona, alitaka kutabasamu kama kawaida yake, kisha akajizuia. Mfamasia aliona kule kujizuia, kukamuuma.

Aliweka bahasha mezani. "Umekata kinyume."

"Haiwezekani."

"Imewezekana."

Fundi alichukua utepe mmoja, akaupinda baina ya vidole. Hakuhitaji wa pili. Aliketi kwenye kiti chake kirefu kama mtu aliyeletewa habari mbaya ya mtu mwingine. "Nisamehe," alisema. "Ngoja nikukatie nyingine sasa hivi. Haichukui muda."

"Sikufuata karatasi."

"Umefuata nini basi, dada?"

"Hilo hasa. Dada limetoka wapi?"

Fundi alikitazama kitambaa chake cha zana. "Mke wa mtu huitwa kwa heshima."

"Mke wa nani?"

"Nilipaswa kukupa hongera siku ile. Nikashindwa, uungwana ukanipotea." Aliyasema polepole, kila neno analivuta. "Mama yako alikuja Jumatano. Alikaa pale unapokaaga wewe. Alizungumza nami vizuri tu, sina la kumlaumu. Alisema umeposwa, mtu mwenyewe ni mhandisi, na familia imekubali. Halafu akanishukuru kwa karatasi zote."

Kwanza mfamasia alitaka kucheka. Mhandisi. Katika ukoo wao wote hapakuwa na mtu anayemfahamu mhandisi hata wa kusalimiana naye. Kisha hasira ikampanda mpaka masikio yakawaka moto.

"Hakuna mhandisi," alisema.

"Hakuna?"

"Hakuna mhandisi, hakuna mwalimu, hakuna mtu. Nani anipose wapi, na mimi miaka miwili nashinda hapa nikifuata karatasi nisizozihitaji? Nyumbani nina makasha yamejaa tepe, Fundi. Nikiviringa mpaka nizeeke siwezi kuzimaliza."

Neno lilishatoka. Hakulitia mpango, hakulipamba, lilitoka tu, naye akabaki amesimama nalo. Kule mbele kitu kiliangushwa sakafuni. Redio alikuwa anasikiliza.

Fundi aliinuka, akasukuma mlango ukafungwa, akarudi. Safari hii hakurudi nyuma ya meza. Alisimama upande wa mfamasia, karibu kuliko alivyowahi kusimama, na macho yake hayakukimbia.

"Unasema kweli?"

"Mbona wewe hukusema kitu muda wote huu?" mfamasia alimgeuzia swali. "Unakata, unafunga na uzi, unaniuliza zinatosha, nasema zinatosha, basi. Mpaka lini?"

"Ulinikataza."

"Mimi?"

"Siku ya kwanza kabisa. Ulisimama mlangoni na uso umevimba, ukaniambia, 'Fundi, mimi nataka karatasi tu. Habari za maisha yangu usiniulize, na za kwako usinisimulie.'"

Alikumbuka. Ulikuwa mwaka ule mbaya, wakati kila mwanamume aliyemsalimia alionekana ana tiketi ya safari mfukoni. "Siku ya kwanza mtu husema lolote," alisema kwa sauti ndogo. "Wewe ukalishika kama kiapo?"

"Niliogopa ukichukia utatafuta fundi mwingine. Nikasema bora nikuone hivyohivyo. Ikawa inanitosha."

"Mimi haikunitosha."

Walitazamana. Ni mtazamo ule ambao watu hupewa mara chache maishani, na waliopewa wanajua kwamba hauna haraka. Mfamasia aliona nywele mbili nyeupe kwenye ndevu za Fundi ambazo hakuwahi kuziona. Aliona pia kwamba macho yale hayakuwa yamelala vizuri tangu Jumatano.

"Mama yako alipotoka, ndipo nilipozikata zile tepe," Fundi alisema. "Niliahidi utazikuta tayari. Nilikuwa naiangalia karatasi, lakini siioni. Usiku ule ndipo nilipowapigia wale wa kiwanda. Mara zote walizoniita nilikuwa nakataa kwa sababu nikienda sitakuona. Wengine hapa wanadhani napenda mashine hii. Ninakupenda wewe. Ninakupenda tangu ile siku uliyorudi kunionyesha jani lako la kwanza, bovu, limekaa kama sikio, na wewe unafurahi."

"Halikuwa kama sikio."

"Lilikuwa sikio, Daktari."

Lile Daktari lilimvunja. Alicheka, kisha machozi yakashuka katikati ya kicheko, na Fundi akainua mkono wenye gundi kuyafuta, akauona mchafu, akaurudisha. Mfamasia aliudaka akauweka shavuni mwenyewe.

"Unasema sasa," alinong'ona, "begi limeshafungwa."

"Nimetoa neno langu kule. Na hapa nafasi yangu imeshapata mtu, ana watoto, siwezi kumnyang'anya."

Alijua. Tangu Redio alipofungua mdomo alijua kwamba atalisikia hilo. "Mimi nilishamsindikiza mtu kituoni," alisema. "Nilimpungia mkono mpaka gari likapotea. Sitaweza tena, Fundi. Niahidi unavyotaka, niapie unavyotaka, sitaweza kusimama pale mara ya pili."

"Basi usinisindikize," Fundi alisema. "Twende wote."

Mfamasia alimtazama.

"Si kesho. Nitawapigia kiwanda leo hii niwaambie wanisubiri kidogo, kwa kuwa siji peke yangu. Wakikubali, vizuri. Wakikataa, mtu mwenye mikono hafi njaa. Lakini kuondoka bila wewe, hilo limefutika."

"Unaniposa, au unanitania?"

"Nakuposa. Nakubali nimeanza vibaya, ilitakiwa nianze na mama yako."

"Mama ameshaanza mwenyewe," mfamasia alisema, na wote wawili wakacheka ingawa hakuna aliyekuwa na raha kamili. Maana jibu lilikuwa moyoni mwake, limeiva, lakini kulisema hakuweza. Maduka ya dawa yako kila mji. Mama ni mmoja. Tangu dada yake aolewe, nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu, yeye na mama, na mama hakuwahi kula chakula cha jioni peke yake.

"Twende nyumbani," alisema. "Nitakujibu mbele yake."

*

Mama aliwaona kupitia dirishani wakija bega kwa bega. Walipoingia alikuwa ameketi sebuleni, kitambaa kipya kichwani, mikono mapajani, kama anayengoja kupigwa picha.

"Karibu, baba," alisema. "Keti."

"Asante, Mama. Shikamoo."

"Marahaba." Mama alimgeukia binti yake. "Usinitolee macho. Nimeshajua unachotaka kusema."

"Mama, mhandisi gani?"

"Huyo mhandisi simjui mimi wala wewe. Nilitaka mtu ashtuke." Alimnyooshea Fundi kidole, lakini bila ukali. "Subira yavuta heri, sawa, lakini ya huyu imepita kiasi. Kila wiki binti yangu anatoka hapa amejipaka mafuta, anarudi na fungu la makaratasi. Nikimuuliza, 'Amesema nini?' ananiambia, 'Ameuliza kama zinatosha.' Nikasema jamani, mwanangu alishapoteza ujana akimngoja mtu aliye mbali, sasa anamngoja na aliye karibu? Nikajua akisikia kuna mwingine atakuja mbio siku ileile. Nilishapika na chakula cha ziada. Jumatano ikapita, Alhamisi ikapita. Kumbe mwenzangu amekaa anakata karatasi kinyume."

"Nilidhani nakuheshimu, Mama," Fundi alisema.

"Heshima nyingine ni uzembe, baba."

Fundi aliiinamisha shingo, akalikubali. Kisha alitoka kwenye kiti, akapiga goti moja mbele yake, akayasema yote kwa sauti isiyotetemeka: kwamba anampenda binti yake, kwamba amekuja kumwomba, kwamba ndugu zake watakuja kwa utaratibu wakiitwa. Mama alikuwa anaitikia kwa kichwa kila neno, uso unaanza kung'aa. Ndipo Fundi akalifikia la mwisho. "Na kazi yangu sasa ni ya mji mwingine, Mama. Nataka kwenda naye."

Uso wa mama ulibaki vilevile, ila mikono iliacha kutulia. Ikatafuta kitu cha kukunja mapajani, isikipate.

"Mbali?" aliuliza.

"Safari ya kutwa nzima."

"Nilitaka ashtuke," mama alisema, si kwa mtu yeyote hasa. "Sikutaka ahame na mtoto wangu."

Mfamasia aliketi chini, karibu na miguu ya mama yake, jambo ambalo hakulifanya tangu akiwa msichana mdogo.

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," mama alisema tena. "Wa kwanza alikuacha akaenda. Huyu wa pili anakuchukua anakwenda. Mimi sijui kipi kinaniuma zaidi." Alimtazama binti yake. "Na wewe, mbona kimya? Mwenye kuposwa ni wewe. Unasemaje?"

"Nampenda, Mama. Nataka kwenda." Alisema waziwazi, akasikia Fundi akishusha pumzi nyuma yake. "Lakini wewe ukiniambia baki, nitabaki, na sitakulaumu."

"Utanilaumu."

"Nitakulaumu kidogo."

Mama alicheka bila kutaka. Alijifuta macho kwa upindo wa khanga, akamfuta na binti yake, kisha akakaa wima. Alipomgeukia Fundi alikuwa mama mkwe tayari, hata kama yeye mwenyewe alikuwa bado hajajua.

"Huko uendako, umeshapata pa kukaa?"

"Nimepata chumba kimoja, Mama. Kizuri, kina dirisha."

"Kiache." Mama alinyoosha vidole, akavihesabu mbele ya uso wa Fundi ili asije akasema hakusikia. "Tafuta nyumba ya vyumba vitatu. Kimoja chenu. Kimoja cha makaratasi ya huyu, maana bila hayo hutakaa naye kwa amani. Na kimoja changu, chenye kitanda, si godoro la kutandika chini. Nitakuja bila kuaga, na nitakaa nikiridhika."

"Ndiyo, Mama."

"Sasa nyanyuka hapo, suruali inachafuka. Na simu unayo? Basi wapigie hao wa kiwanda chako hapahapa, mimi nikisikia."